Tope la Katikati

Kuna picha mbili za gari msituni ambazo wengi wetu tumeziona bila kuziweka pamoja. Ya kwanza ni ya tangazo. Gari kubwa la kupanda milima limeingia kwenye kijito, maji yameruka huku na huku kama mbawa, nyuma kuna miti, dereva ana miwani ya jua. Ya pili ni ya barabara ya Lupembe, mkoani Njombe, mvua zikiwa zimekolea. Fuso la mbao limezama hadi kwenye difu, utingo kavua viatu, vijana watano wanasukuma na mmoja anatukana. Ile ya kwanza tunaiita kupenda asili. Hii ya pili tunaiita uharibifu wa mazingira. Tope ni lilelile.

Sina haja ya kumtetea mwenye Fuso. Fuso lililobeba mbao kupita kiasi linachimba ardhi kuliko gari la mtalii, hilo halihitaji falsafa. Ninachouliza ni kitu kingine: dereva anayewajibika msituni tunamjuaje? Kwa anachofanya, au kwa anavyoonekana? Na kama vitu hivyo viwili vinapingana, tumwamini yupi?

Taswira ya gari porini haikudondoka toka mbinguni, imetengenezwa. Afrika Mashariki tuliipokea mapema. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu hapo tumefundishwa kwamba gari lililopakwa tope ni gari la kiume. Mwaka 1991 msafara wa Camel Trophy ulitoka Dar es Salaam kwenda Bujumbura kwa Land Rover Discovery za rangi ya mchanga. Camel, kwa asiyejua, ni sigara. Mashindano hayo yalianza mwaka 1980 kule Amazon na yakaisha mwaka 2000, na kila mwaka walitafuta mahali ambapo barabara imekwisha. Mwaka 1993 walipokwenda Sabah, Malaysia, wakajenga kambi ya utafiti katika msitu wa Maliau, na kambi imebaki na jina lao. Siidharau kambi hiyo. Watafiti wanalala humo, na huo ni msaada wa kweli. Ila tazama kinachotokea kwenye picha: mtu anayepasua msitu kwa tairi sasa anaonekana ndiye mlinzi wa msitu, na sigara inapata mapafu mapya.

Marekani walikwenda kwa njia ya ofisi. Mwaka 1972 Rais Nixon alitoa amri ya kuzitaka idara za serikali zidhibiti magari yanayotoka nje ya barabara katika ardhi ya umma. Mwaka 1985 idara yao ya misitu ikaanzisha kampeni ya Tread Lightly, yaani kanyaga kwa upole. Jina zuri. Kule, hata hivyo, kuingia na gari msituni kwa sehemu kubwa ni starehe ya mwisho wa juma. Mtu wa starehe unaweza kumwambia leo mvua imenyesha, baki nyumbani, na hatalala njaa.

Njombe huwezi kusema hivyo. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianza kupanda miwati hapa mwaka 1949, na tangu hapo mkoa huu (uliokatwa kutoka Iringa mwaka 2012) umezidi kuwa nchi ya miti ya kupanda. Wapo wenye mashamba makubwa, lakini wapo pia mama mwenye ekari mbili za paina mteremkoni, mwalimu mstaafu, kijana aliyerithi kishamba cha babu. Miti ndiyo benki yao. Ada ya chuo imesimama pale, inaota. Kati ya mwaka 2014 na 2019 programu ya Panda Miti Kibiashara, iliyofadhiliwa na Finland, ilifanya kazi na wakulima wa namna hiyo. Siku ya kuvuna ikifika, mashine ya kupasulia, ile wanayoiita dingdong, inasogezwa hadi shambani, magogo yanageuka mbao palepale, na mbao lazima zitoke. Zitokeje? Hakuna lami hadi kwenye paina ya mama. Kuendesha nje ya barabara kwao si mchezo wala si ushujaa, ndiyo njia ya sokoni.

Kisha mbao hufika Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na ile ya Tunduma na reli ya Tazara inapita. Zinapangwa, zimenyooka, zinanukia utomvu. Mnunuzi wa Dar anaziona hizo. Njia zilikotokea haioni.

Sasa nifike kwenye tope lenyewe, maana hapa ndipo jambo linapokuwa gumu.

Udongo mwekundu wa nyanda hizi ukilowa unateleza kama sabuni. Gari la kwanza linapita, linaacha mifuo miwili. Maji yanaingia kwenye mifuo, yanatafuta mteremko, yanabeba udongo. La pili linaongeza kina. Tairi pia linakandamiza ardhi, inakuwa ngumu kama sakafu, maji hayazami na mizizi haipenyi. Wiki mbili, dimbwi limekaa katikati ya njia. Anakuja dereva wa tatu, mwangalifu, ana gari safi, halitaki kukwama. Anafanya nini? Anapita pembeni, kwenye majani.

Hebu mtazame. Hajarusha tope wala kupiga honi, hajazungusha tairi ovyo. Ukimpiga picha utaiweka kwenye kalenda. Na ni yeye aliyeanza kuipanua njia. Wa nne atafuata alama zake, wa saba atakuta nazo zimekuwa dimbwi, naye atasogea zaidi, aangushe na miche miwili mitatu ya paina ili aiweke chini ya tairi. Njia ya mita tatu inakuwa ya mita kumi na tano. Kila mmoja alikuwa mstaarabu. Hakuna hata mmoja aliyeharibu, na pameharibika.

Wanaofundisha uendeshaji wa porini wanasema jambo ambalo mwanzoni linachekesha: ukikuta dimbwi kwenye njia, na umelipima ukaona gari linaweza, pita katikati. Punguza upepo wa matairi kidogo ili uzito usambae, tumia gia ndogo, usikanyage mafuta kwa hasira, lakini pita humohumo. Usipoweza, rudi. Kwa maana hiyo anayewajibika anatoka amechafuka, na anayekwepa ndiye anatoka msafi. Taswira yetu yote imekaa kichwa chini.

Mazungumzo ya namna hii yapo kwenye vijiji vya mbao kila msimu:

"Kamwene, mwanangu. Mbona jana njia ilikuwa kule?"

"Kamwene, mama. Kule kuna dimbwi, gari litalala."

"Dimbwi ni lenu. Hapa ulipo ni kwenye viazi vyangu."

Mama hapingi gari. Pengine mwakani atalihitaji libebe miti yake mwenyewe. Anachokataa ni kwamba dereva amehamisha tatizo lake na kuliweka juu ya viazi, kisha akaonekana mtu mwema kwa sababu hakukwama.

Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anampa Glaukoni hadithi ya Gyges, mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Glaukoni anauliza: ukiwa na pete hiyo, utaendelea kuwa mwadilifu? Kwa nini, ikiwa hakuna atakayejua? Msitu wa paina saa kumi na moja jioni, ukungu umeshuka, ndiyo pete hiyo. Hakuna askari, hakuna kamera, mwenye shamba yuko Njombe mjini. Unaweza kukata mche, kumwaga oili chafu kwenye kijito, kupita juu ya chochote. Kesho gari linaoshwa, na stika ya "Tunza Mazingira" kwenye kioo cha nyuma haijapata hata vumbi.

Lakini Glaukoni hakuishi kijijini. Tairi halina pete. Linaandika. Kijana wa huko ataangalia alama akwambie hili ni la Fuso, hili la trekta, na lilipita kabla ya mvua ya jana. Kwa hiyo ziko hadhira mbili. Moja inatazama gari, nyingine inatazama ardhi gari likishaondoka. Sifa ya dereva mbele ya hadhira ya kwanza inanunulika kwa rangi, stika na picha. Mbele ya ile ya pili, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kitulo linanifikirisha zaidi, kwa kuwa huko ni starehe kweli. Hifadhi hiyo iliyotangazwa mwaka 2005, kilomita za mraba 413 hivi, inaitwa Bustani ya Mungu kwa maua yake, okidi zikiwemo. Maua huchanua wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Yaani siku nzuri ya kwenda kuyaona ndiyo siku ambayo ardhi haiwezi kukubeba. Anayeyapenda maua kwa dhati anavutwa kuyafuata hasa pale ambapo tairi lake linaumiza kuliko wakati wowote. Katika hifadhi zetu za taifa ni marufuku kuacha barabara, na sheria hiyo ni nzuri, ila ukimwona mtu ameegesha, ameshuka, anatembea kwa miguu na buti limejaa maji, hutamuona kwenye tangazo la gari. Litauza nini? Gari limesimama.

Rafiki yangu mmoja hupinga nikisema haya. Anadai taswira inasaidia: ukimsifia mtu hadharani kuwa dereva mwema, ataona haya kufanya ubaya. Nusu namkubali. Haya imetulea wengi wetu kuliko falsafa. Kant ana yule mwenye duka asiyemlangua hata mtoto kwa sababu uaminifu unalipa, na ukweli ni kwamba mtoto anarudi nyumbani na chenji yake kamili. Mama wa viazi hajali nia ya dereva, anajali viazi. Pale taswira inapomfanya mtu apite katikati, iacheni ifanye kazi. Ninachogombana nacho ni taswira inayomlipa aliyepita pembeni.

Na kuna kazi ambayo haijapata picha kabisa. Gari likishapita salama, mtu anashuka na jembe, anarudi nyuma hatua kumi, anakata mfuo kwa mshazari ili maji ya mvua yatoke kwenye majani na yasishuke na njia nzima. Dakika tano, pengine kumi penye udongo mgumu. Jembe ni la bei ndogo kuliko stika nyingi. Mara nyingi anayetumwa ni utingo, dereva akiwa anasikiliza redio, na kama mbao zinasubiriwa Makambako basi hata utingo hatumwi.