Kibali cha kwenda kuona

Jumamosi moja kwenye kilabu chetu cha uandishi niliwapa vijana swali la mazoezi: ukipewa kibali cha kutoka kambini wiki mbili, na nauli juu, utakwenda wapi? Walijibu kama nilivyotegemea. Mmoja atakwenda kumtafuta dada yake waliyepotezana njiani. Mwingine atashuka Kigoma mjini ale samaki wabichi mpaka achoke. Msichana wa benchi la mbele alisema atarudi kijijini kwao kutazama kama mwembe wao bado upo. Kisha kijana mmoja wa miaka kumi na sita, ambaye hukaa nyuma na husema kidogo, akasema: "Mie nitakwenda Marekani, kule Florida, nione roketi ikipanda. Halafu nitarudi."

Walicheka wote. Mama mmoja alikuwa anapita nje na ndoo yake ya maji, akasikia, akatia lake: "Mutoto wa posho anaota roketi!" Na mimi nikacheka. Sikucheka chini chini, nilicheka kweli kweli. Jioni nilipokuwa nasahihisha, nikamwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: "Chagua kitu cha maana."

Maneno hayo manne yamenisumbua miezi kadhaa. Nayaandika hapa ili wengine wanisaidie kuyapima.

Nianze kwa kujitetea kidogo. Mwezi ule posho ilikuwa imepunguzwa tena. Nyumbani kwangu tulikuwa tunapika mara moja kwa siku, na wale watoto wote walikuwa hivyo hivyo. Katika hali kama hiyo, mtu anayetaka kuvuka bahari akatazame moto ukipanda mbinguni dakika chache, halafu arudi mikono mitupu, anaonekana kama anacheza. Hata kama angetaka kuruka mwenyewe, awe rubani wa anga, ningemwelewa, kwa kuwa hiyo ni kazi na ina mshahara. Lakini kutazama tu? Tena kitu ambacho kipo kwenye simu?

Basi tuanze na hilo la simu.

Watu husafiri kweli kwenda kuona. Tarehe 16 Julai 1969, roketi ya Saturn V ilipowapeleka Armstrong, Aldrin na Collins mwezini, watu wapatao milioni moja walikuwa wamejaa kwenye fukwe na barabara za Florida. Wengi walilala kwenye magari na kwenye mahema. (Ndiyo, wapo wanaolala kwenye hema kwa kupenda.) Televisheni zilikuwepo, na picha ingeonekana vizuri zaidi wakiwa nyumbani. Lakini walikwenda, kwa sababu kuna kitu ambacho televisheni haikibebi, nacho ni ile sauti.

Roketi ile ilikuwa na urefu wa mita 110 hivi. Hata waliopewa nafasi za karibu, waandishi wa habari na wageni wa heshima, walikaa kilomita zaidi ya tano kutoka pale ilipowashwa. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde. Piga hesabu: moto unauona sasa hivi, ngurumo inakufikia baada ya sekunde kumi na tano au zaidi. Katikati hapo mtu anaona mlima wa moto unanyanyuka katika ukimya. Halafu sauti inafika, na waliokuwepo wanasema haiingii masikioni tu, inagonga kifua na nguo zinatikisika mwilini.

Nilipoisoma hesabu hiyo niliweka karatasi chini, kwa sababu sisi tunaijua. Nani kati yetu hakuwahi kuhesabu? Mwanga nyuma ya kilima, halafu moja, mbili, tatu, nne... na kishindo. Ukifika kumi, bado kuna nafasi ya kufunga mzigo. Ukifika tatu, acha mzigo, shika watoto. Hesabu ya mwanga na sauti hatukufundishwa na mwalimu wa fizikia.

Nikamwita yule kijana. Nikamuuliza bila mzaha safari hii: kwa nini uende? Akanyamaza kidogo, akachora chora chini kwa kidole cha mguu. Kisha akasema: "Mwalimu, nataka nisikie kishindo kikubwa ambacho hakinifukuzi."

Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Lakini jibu linalogusa moyo bado halijawa hoja, na sitaki kumaliza swali kwa machozi. Swali lenyewe ni gumu. Kwa kweli ni maswali mawili yanayovaa nguo moja. La kwanza: je, ni haki wenye nacho kuchoma mali angani wakati wengine wana njaa? La pili: je, mwenye njaa ana haki ya kutamani kisicholiwa? Sisi huwa tunajibu la kwanza kwa "hapana", kisha bila kujua tunalibeba jibu hilo hilo hadi la pili. Ndivyo nilivyofanya mimi kwa kalamu nyekundu.

Kuna mtu aliyeyatenganisha maswali haya mbele ya macho ya dunia. Siku moja kabla ya safari ile ya mwezini, tarehe 15 Julai 1969, Mchungaji Ralph Abernathy alifika kwenye lango la kituo cha roketi akiongoza familia za watu maskini. Yeye ndiye aliyeshika uongozi wa harakati baada ya Martin Luther King kuuawa mwaka 1968. Walikuja na nyumbu na mkokoteni, ili dunia ione mkokoteni wa maskini kando ya roketi ya taifa. Mradi wa mwezini uligharimu zaidi ya dola bilioni 20. Abernathy alisema wazi kwamba mtu mmoja kati ya kila watano katika nchi ile hakuwa na chakula, mavazi, makazi na matibabu ya kutosha, na fedha hizo zina kazi nyingine.

Mkuu wa NASA, Thomas Paine, alitoka kwenda kuonana nao pale uwanjani. Alisema kwamba kama kutobonyeza kitufe kesho yake kungeondoa matatizo ya maskini wa Marekani, basi wasingekibonyeza. Alikiri pia kwamba kufika mwezini ni mchezo wa watoto ukilinganisha na matatizo ya binadamu waliyokuwa wanayashughulikia wao. Unaweza kuyaita maneno matamu ya mkubwa, na huenda ndivyo yalivyokuwa. Mimi linalonishika zaidi ni jambo ambalo Abernathy aliliomba. Pamoja na kuomba wataalamu wale wasaidie vita dhidi ya njaa, aliomba baadhi ya familia zake zipewe nafasi ya kuitazama roketi ikipanda.

Soma tena hapo. Amekuja kuipinga, na anaomba kiti cha kuitazama. Alisema pia kwamba anaguswa sana na mafanikio yale na ushujaa wa wale watu watatu, na waliwaombea safari salama. Nafasi zikatolewa. Kesho yake, baadhi ya maskini wale walikaa pamoja na wageni wa heshima, wakaiona.

Je, Abernathy alijipinga? Zamani ningesema ndiyo. Sasa naona alikuwa na akili iliyonyooka kuliko yangu. Kusema "fedha hii imetumika vibaya" ni neno juu ya wenye fedha. Kusema "basi wewe maskini usitazame" ni adhabu juu ya maskini kwa kosa ambalo hakulitenda. Aliikataa ile bajeti, lakini hakukubali watu wake wabaki nje ya lango kana kwamba mshangao nao ni mali ya waliokula wakashiba.

Na msifikiri haya ni mambo ya mbali. Roketi zimewahi kurushwa kwetu. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG ilizijaribu kaskazini mwa Shaba, nchi ikiitwa Zaire, kwenye uwanda ulio juu ya bonde la mto Luvua. Mkataba wake uliipa eneo la kilomita za mraba kama 100,000. Tarehe 5 Juni 1978 Rais Mobutu mwenyewe alifika kutazama. Roketi ilipanda kidogo, ikapinda, ikaanguka. Mwaka uliofuata mambo yakafungwa, baada ya mataifa mengine kulalamika sana.

Nina jirani, mzee wa pande hizo za Luvua, ambaye huwa tunakaa wote kwenye foleni ya maji. Siku moja nilimsimulia habari hii kama mzaha, kumwonyesha kuwa nimesoma. Akanitazama muda mrefu. Akasema: "Kumbe." Halafu akaeleza. Alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, yuko shambani na mama yake, mwezi wa sita, kiangazi kikavu, mbingu haina hata wingu. Wakasikia ngurumo. Mama akaacha jembe. Wakubwa walisema ni mambo ya wazungu ao ya mizimu, na mtu asiulize. Hakuuliza. Miaka inakaribia hamsini amebeba ngurumo isiyo na mvua, na maana yake ameipata ukimbizini, kwenye foleni, akiwa ameshika dumu.

Hapo niliiona tofauti kwa macho yangu. Ardhi ilikuwa yao, mbingu ilikuwa yao, na ngurumo iliwafikia bila kubisha hodi, lakini kutazama hawakualikwa. Rais alikuwa na kiti, na mwenye shamba akaambulia mwangwi. Mzee hakuniambia kwamba alitaka ile roketi. Aliniambia: "Wangetuita tu, tungeona na sisi. Hata ilipoanguka, tungeiona ikianguka."

Neno lake la mwisho lina uzito, maana kwenda kuona si raha tupu. Tarehe 28 Januari 1986, asubuhi ya baridi kali, wazazi wa mwalimu Christa McAuliffe walikuwa wamekaa Florida kumtazama binti yao akipanda na chombo cha Challenger. Baada ya sekunde 73 chombo kilivunjika angani, na wote saba wakafa. Waliokuwepo pale walibaki wakitazama juu, wengi hawakuelewa mara moja. Anayetazama kwenye simu anaweza kuizima. Aliyesafiri akakaa pale anakuwa shahidi, apende asipende, na anarudi na kile alichokiona, kiwe cha furaha au cha msiba. Kwa hiyo kumwita mtu wa namna hiyo mtu wa starehe ni kumkosea. Shahidi ana kazi, ingawa hailipwi.

Najua ndugu zangu wa posho watasema: Mwalimu, maneno mazuri, lakini tumbo kwanza. Nakubali, tumbo kwanza. Kama kesho nitaulizwa nichague gunia la unga au tiketi ya ndege ya kijana mmoja, nitachagua gunia, na sitaona haya. Ila "kwanza" maana yake kuna "pili". Mtu akikwambia "kwanza" kwa miaka kumi, ishirini, na ya pili haitajwi hata siku moja, basi hapo hakuna kupanga foleni tena. Umeambiwa kwa adabu kwamba wewe ni tumbo tu.

Ofisini kibali cha kutoka kina sababu zinazoeleweka: hospitali, kesi, msiba. Sijawahi kuona mtu aliyeandika "kwenda kuona", na sidhani ningethubutu mimi. Siwalaumu wanaojaza fomu, wengine ni marafiki zangu na wanasoma gazeti hili. Fomu haikuundwa na wao. Nawaomba jambo dogo: mnapotuuliza mahitaji yetu, mkimaliza maji, chakula na hema, msifunge kalamu haraka. Ngojeni kama mnavyongoja sauti baada ya mwanga. Huenda kuna neno liko njiani.

Mimi nilifunga kalamu haraka kuliko wao wote, na nilikuwa mwalimu, na mtoto alikuwa wa kwetu.

Nimemrudishia yule kijana daftari lake. Yale maneno mekundu nimeyakata, na chini yake nimeandika kuwa nilikosea. Aliyasoma, akalikunja daftari, akaniuliza kama yule mzee wa Luvua anaweza kuja Jumamosi asimulie ile ngurumo. Nikamwambia nitamuuliza kwenye foleni. Mzee amekubali, kwa sharti moja: kijana naye amweleze roketi inapandaje.

Florida bado ni mbali, na kibali hakijapatikana. Nauli ndiyo usiseme.