Kisu, Uso na Damu

Huku kwetu Chebunyo, Desemba ni mwezi wa wavulana kuingia menjo. Siku ya kisu, macho yote huwa usoni mwa kijana. Akipepesa jicho tu, ukoo mzima utasikia. Nimekulia ndani ya desturi hii na naiheshimu. Lakini hebu tuulizane: tunampima kijana kwa kitu gani hasa?

Mchukue kijana mwenye hemofilia. Wengi hudhani damu yake haigandi kabisa. Akikatwa, chembe sahani zake hukimbilia kidonda na kuziba tundu, sawa na zangu na zako. Anachokosa ni protini, mara nyingi ile iitwayo fakta ya 8, inayosaidia kufuma nyuzi za kulishikilia lile donge. Na kila mwili una kazi ya kuyeyusha madonge yake. La kijana huyu, kwa kuwa ni legelege, huyeyuka kabla kidonda hakijapona. Ndiyo maana anaweza kuonekana yuko sawa asubuhi, watu wakamsifu wakaenda zao, kisha usiku damu ikaanza upya.

Sasa, uso ni wake. Anaweza kuuamuru utulie. Donge haliamrishwi na mtu. Naona sifa na lawama zinafaa kuishia pale nia ya mtu inapoishia. Mama naye asinyooshewe kidole: ni kweli jeni hii mara nyingi hupitia kwake, lakini hakuichagua, na karibu thuluthi moja ya wagonjwa hawana historia ya ugonjwa huu katika familia.

Kuna mzee atasema, “Akienda hospitali, amekwepa.” Namuelewa. Lakini menjo hufundisha mengi kuliko kisu. Kijana anaweza kutahiriwa hospitalini, akipewa fakta na dawa ya kuchelewesha donge kuyeyuka, kisha akafundishwa na motiriot wake pamoja na wenzake. Watamcheka? Wengine, ndiyo, na itauma. Ila kusimama mbele ya baba zako useme “damu yangu haikomi” kunahitaji moyo kuliko kunyamaza.

Basi kabla ya Desemba, kila mzazi aulizwe swali moja bila aibu: huyu aking’oka jino, damu hukata baada ya muda gani?