Kamba ya Bibi Asmaa: Mawaidha Juu ya Akiba ya Siku ya Dhiki

Bismillahi-r-Rahmani-r-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, kila uingiapo mwaka mpya wa Hijra twasikia misikitini kisa cha kuhama kwa Mtume (S.A.W.) kutoka Makka kwenda Madina. Leo twataka tukitazame kisa hiki kwa upande usiotazamwa sana, nao ni upande wa matayarisho. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Sayyidna Abubakar (R.A.) aliwalisha ngamia wawili majani kwa muda wa miezi minne, akiwaweka tayari kwa safari ambayo siku yake hakuijua. Siku ilipofika, masurufu yalitengenezwa upesi yakatiwa mkobani. Walakini ilipotakiwa kamba ya kuufunga mdomo wa mkoba, haikupatikana. Bibi Asmaa bint Abubakar (R.A.) akaupasua mshipi wake, akaufungia mkoba, na kwa sababu hiyo akaitwa Mwenye Mishipi Miwili.

Ngamia walikuwapo, chakula kilikuwapo, na mjuzi wa njia alikwisha kodiwa. Kilichopungua ni kamba. Na dhiki nyingi ndivyo zilivyo. Jambo kubwa kila mtu hulikumbuka, na jambo dogo lisilokumbukwa ndilo limkwamishalo.

Wako wasemao kuwa kuweka akiba ni upungufu wa tawakkul. Hayo si kweli. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu; na imethubutu kuwa aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka mzima. Nabii Yusuf (A.S.) aliwafundisha watu wa Misri waweke nafaka ya miaka saba, tena aliwafundisha namna ya kuiweka: iachwe ndani ya masuke yake, isipukuchuliwe ila kiasi cha kuliwa. Kila mkulima ajua kuwa nafaka iliyomo katika ganda lake yastahimili zaidi unyevu na wadudu. Basi Mtume wa Mungu hakuona haya kusema habari za masuke, nasi hatuoni haya kusema habari za kamba na ndoo. Ama yule atundikaye hirizi mlangoni, kisha akalala akidhani amekwisha kujikinga, huyo hakutegemea Mungu wala hakufunga ngamia.

Na tuitazame hali yetu sisi watu wa pwani. Mvua za El Niño za mwaka 1997 zilivunja madaraja na kukata njia. Mwezi wa Mei 2020, katika maradhi ya korona, Serikali iliufunga Mji wa Kale wa Mombasa, asiingie mtu wala asitoke. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Na mwezi wa Novemba mwaka huo huo mafuriko yaliikata barabara ya Garsen kwenda Lamu. Katika mambo haya, hapana hata moja lililongoja mtu ajitayarishe.

Basi ni vitu gani vya kuweka? Mchele, unga na tende hatuna haja ya kuvitaja, kwani kila mama wa nyumba avijua. Twataka kuvitaja vile visivyokumbukwa.

Kwanza ni kamba ya kisima na ndoo yake. Maji ya Mombasa hutoka mbali: Mzima huko Tsavo, na Baricho penye mto wa Sabaki, na Marere, na Tiwi. Likipasuka bomba, twarudi kwenye visima vya wazee wetu. Lakini visima vingi sasa vimetiwa pampu za umeme, na kamba zimekwisha kutupwa. Umeme ukikatika, mtu husimama juu ya maji na asiweze kuyafikia.

Pili ni njia ya kuyasafisha maji hayo, kwani visima vya mjini viko karibu na vyoo. Maji ya kunywa yachemshwe hata yatokote sawasawa. Yasipopatikana makaa wala kuni, maji yaliyo maangavu yatiwe katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zilazwe juani tangu asubuhi kwa muda usiopungua saa sita; na ikiwa mbingu ina mawingu, siku mbili. Basi chupa tupu nazo ni akiba. Walakini jua na moto haviondoi chumvi. Kisima cha maji ya chumvi ni cha kufulia.

Tatu ni sukari na chumvi zilizowekwa mbali na za jikoni. Vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi: hiyo ni dawa ya kumnywesha mwenye kuharisha wakati apelekwapo hospitali. Kipindupindu huua kwa kuukausha mwili, na mara nyingi hufuata mafuriko.

Nne ni firimbi. Aliyefukiwa na ukuta, au aliyezungukwa na maji usiku, sauti yake huchoka upesi. Pumzi ya firimbi haichoki upesi hivyo, na husikiwa mbali.

Tano ni ndoo ya mchanga mkavu jikoni. Mafuta ya karai yakishika moto, mwenye kuyamwagia maji huutawanya moto nyumba nzima, mchanga huuzima.

Sita ni vitambaa safi vya hedhi kwa wake zetu na binti zetu. Haya isituzuie, kwani tohara ni mlango wa ibada. Na aliye na maradhi ya sukari au ya presha asingoje dawa zake ziishe ndipo azitafute.

Saba ni sanda. Twajua wako watakaochukia kusikia hili, wakidhani kuwa kuiweka ni kuiita mauti. Mauti hayaitwi kwa nguo. Mwanamume hukafiniwa kwa nguo tatu na mwanamke kwa tano, na maduka yakifungwa maiti hangoji. Tena kitambaa cheupe kilicho safi humfaa aliye hai pia, kwa kufungia jeraha.

Nane ni wasia, na hati za nyumba, na vyeti, na daftari ya madeni, vyote vikifungwa pamoja katika mfuko usiopitisha maji. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa haimfalii Mwislamu aliye na jambo la kuusia kulala masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa. Ni mayatima wangapi waliopoteza haki zao kwa karatasi iliyooza?

Na iko akiba isiyowekwa kabatini, nayo ni habari. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari ilifurika kwa tetemeko la ardhi lililotokea karibu na Sumatra, ikaua watu wengi mno, na mawimbi yakafika Somalia, Kenya na Tanzania. Karibu kabisa na mahali pa tetemeko hilo kipo kisiwa cha Waislamu kiitwacho Simeulue, chenye watu wapatao 78,000 wakati huo. Waliokufa humo ni saba. Sababu yake ni kuwa bahari iliwahi kuwafurikia mwaka 1907, na wazee wakawarithisha watoto wao kisa chake: ardhi ikitikisika kwa nguvu kisha bahari ikakupwa ghafula, kimbilieni mlimani. Sisi huku twaweza tusihisi tetemeko, kwa kuwa tu mbali. Basi ishara yetu ni bahari kukupwa wakati usio wake. Atakayeona hivyo asishuke kuokota samaki, bali apande juu na awaite wenziwe.

Sasa twataka kuonya. Akiba ni jambo moja, na kuhodhi ni jambo jingine. Mwezi wa Machi 2020 tuliwaona watu wakikimbilia madukani kununua magunia, na nyuma yao amesimama mchukuzi ambaye hula leo alichokichuma leo. Mwenye kununua kidogo kidogo wakati wa raha hamdhuru mtu, mwenye kuzoa vyote wakati wa hofu humnyang'anya maskini, na Mtume (S.A.W.) amemhesabu mwenye kuhodhi kuwa ni mkosefu. Nabii Yusuf (A.S.) naye hakuiweka nafaka ili awe tajiri; aliigawa kwa kipimo, na hata wageni waliotoka mbali walipata fungu lao.

Kwa hivyo rai yetu ni kuwa kila msikiti wa mtaa uwe na sanduku lake la dharura: kamba mbili ndefu, ndoo, firimbi, taa, machela, sanda chache, na sukari na chumvi, na kisima cha msikiti kisafishwe na kifunikwe. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake akawaachia Waislamu. Sisi hatukutakiwa kununua kisima, tumetakiwa kamba. Gharama ya karamu moja ya arusi yatosha kulijaza sanduku la mtaa mzima. Imamu na wazee wa mtaa wachague mtu mmoja mwaminifu wa kushika ufunguo, na kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani sanduku lifunguliwe, kilichooza kitolewe na kilichopungua kitiwe.

Na kabla ya hapo, kila mmoja wetu na aende leo aitazame nyumba yake, kisha ahesabu majirani zake: ni nani mzee, ni nani mgonjwa, ni nani hana kitu. Fungu la hao liwe ndani ya akiba yake tangu siku ya kwanza, kwani hawezi kuwa muumini wa kweli mwenye kulala ameshiba na jirani yake, hali yuajua, ana njaa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuepushe na dhiki, na ikitufika atukute tu tayari, wenye subira na wenye kusaidiana. Amin. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.