Picha ya Ndege Kongwe

Kuzipiga picha ndege kongwe ni burudani isiyomdhuru mtu, ndivyo tudhanivyo. Lakini yafaa tujiulize: je, uzuri wa chombo wafuta kazi kiliyoifanya?

Tuitazame Enola Gay, ndege ya Marekani iliyoangusha bomu la atomiki juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti, 1945. Rubani wake, Paul Tibbets, aliipa jina la mama yake mzazi. Tangu mwaka 2003 imewekwa katika jumba la makumbusho huko Virginia, mwili wake uking'aa, na wapenda ndege huipiga picha kwa furaha. Picha hiyo haisemi uongo, ila haisemi yote. Haiwaonyeshi waliokufa, wala wachimbaji wa Shinkolobwe, Katanga, ilikotoka sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumiwa katika mradi wa kuunda bomu lile.

Hatusemi kamera zitupwe, kwani kuificha ndege si kutubu. Ila mpiga picha ana deni la kueleza ndege ilifanya nini, na kwa jasho la nani. Nasi walimu, tuwaonyeshapo wanafunzi picha kama hiyo, tusiwaulize kilichomo tu. Tuwaulize pia kilichoachwa nje.