Moshi Huu ni Deni la Nani?

Swali langu ni fupi: je, ni haki kumkataza mtu kuchoma taka mahali ambapo hakuna anayekuja kuzizoa?

Nauliza nikiwa mkaazi wa Eastlands, Nairobi, ghorofa ya nne, dirisha likitazama kiwanja ambacho hakuna anayejua ni cha nani. Jioni, hasa Jumapili, moto huwashwa pale. Pampasi, maganda ya ndizi, chupa za maji, sapatu zilizokatika, vyote pamoja. Moshi ukipanda hauulizi nani amelipa kodi na nani hajalipa. Unaingia hadi kwenye mito ya kulalia.

Kwenye karatasi tuko sawa kabisa. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Tuna kanuni za ubora wa hewa, na sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale pale zinapotoka. Halafu kuna Jedwali la Nne la Katiba, linaloipa kaunti kazi mbili ambazo hapa zinakutana: kudhibiti uchafuzi wa hewa, na kuzoa taka. Yaani anayepaswa kunizuia nisiwashe moto ndiye anayepaswa kuniondolea sababu ya kuuwasha. Akifanya kazi ya kwanza bila ya pili, anakuwa kama mzazi anayemchapa mtoto kwa kudokoa sufuria usiku, na chakula cha jioni hakupika.

Kabla karo haijanitoa chuoni, nilikutana darasani na wazo linalohusishwa na Kant: huwezi kumwambia mtu "unapaswa" kama hana uwezo wa kutenda. Mwaka jana nililiona wazo hilo limejifunga leso, limeshika kiberiti. Mama mmoja wa ploti jirani alikuwa anawasha rundo lake. Nikamwambia, "Mama, samahani, hiyo plastiki inatuumiza huku juu." Akaniangalia bila hasira.

"Kijana wangu, gari la kanjo sijaliona mwezi wa pili huu. Wa mkokoteni wanataka mia mbili. Sasa unataka nizile?"

Hoja hiyo ni nzito, na mpaka leo siipuuzi. Taka za wiki mbili ndani ya chumba kimoja chenye watoto ni panya, nzi na kuhara. Yule mama alikuwa anachagua kati ya moshi na uvundo. Usafi haukuwa kwenye menyu. Anayemhukumu bila kuona hilo, mara nyingi anaishi mahali ambapo lori huja siku yake bila kuitwa.

Wengi wetu hukomea hapo. Serikali imeshindwa, kwa hiyo choma tu. Mimi nadhani tunaruka hatua moja.

Jibu la yule mama linafaa kabisa likielekezwa kwa kaunti. Kaunti ikija na faini, ana haki ya kuuliza lori liko wapi. Shida ni kwamba moshi hauendi City Hall. Unaenda ghorofa ya pili, kwa mtoto mwenye pumu ambaye pampu yake iko karibu kuisha. Mtoto huyo hakukosa kuleta lori. Ukimwambia "kaunti haikuja," umemwambia ukweli, lakini kifua chake kinabana vile vile. Ukikosewa na mkubwa, hupati kibali cha kulihamisha kosa hilo hadi kwenye mapafu ya mdogo.

Na tunajua tunachohamisha. Moto wa kiwanjani hauna joto la kuteketeza plastiki vizuri. Hutoa chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Plastiki ya PVC ikiungua hivyo hutoa dayoksini, sumu zinazohusishwa na saratani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Moshi nao ni mtamu ukielekea kwa jirani.

Lakini wenye lori wasifurahi mapema. Lori likija, safari yake kwa kawaida huishia Dandora, jaa lililoanza miaka ya 1970, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado linapokea. Huko pia taka huungua, na kuna nyumba na shule jirani. Mtaa unaojisifia usafi una moto wake pia. Umelipa uwakie mbali. Katika hili, kinachomtenga mtu wa Kileleshwa na mtu wa Kayole si maadili, ni kilomita.

Basi nani anadaiwa? Naona madeni mawili, na kulipa moja hakufuti lingine.

La kwanza ni la kaunti. Tunalidai lori, na tunadai jaa lisilowaka. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda kortini haki ya mazingira ikikiukwa, bila hata kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia.

La pili tunadaiana sisi kwa sisi, na halingoji uchaguzi. Hapa lile wazo la uwezo linarudi na sura nyingine. Mia mbili inamshinda mama mmoja mwezi huu. Ploti ya nyumba thelathini haishindwi kukodi mkokoteni. Sehemu kubwa ya taka za Nairobi ni vitu vinavyooza. Mabaki ya chakula yakitengwa, wafugaji wa nguruwe wanayataka. Chupa zina wanunuzi wa kilo. Kinachobaki ni kikavu na kinaweza kungoja bila kunuka. Pampasi bado ni shida, sidanganyi. Lakini gunia moja la pampasi ni jambo tofauti na kiwanja kizima kinachofuka.

Tumezoea kuuliza "mtu huyu anaweza kuacha kuchoma?" kana kwamba yuko peke yake. Kwenye ploti nyingi anayewasha ni msimamizi, anayelipwa kidogo amalizane na takataka za kila mtu. Nyumba thelathini zinatupa, mkono mmoja unawasha, na kanjo wakija wanashika mkono huo. Wajibu uko kwetu sote, mwenye nyumba akiwa wa kwanza, kwa sababu ndiye anayekusanya kodi kila tarehe tano na kusema taka si zake.

Kwa hiyo kabla ya kumwita kanjo, kuna ujumbe wa kutuma kwenye WhatsApp ya ploti: mkokoteni ni pesa ngapi, na nani hana mwezi huu, tumlipie.