Kumbeba Mgonjwa na Kumwinua



Katika kuwatembelea wagonjwa, sisi mashemasi tumekutana na swali moja ambalo halitupi usingizi, nasi tumeona si vema kulificha. Mtu akiombewa na asipone, tuna deni gani kwake? Tumefunga, tumekesha, nabii amemwekea mikono, na mguu bado hauendi. Je, kazi yetu imekwisha hapo?

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana anayefundisha wengine na aanze kwa kuungama.

Miaka michache iliyopita mama mmoja mzee wa kanisa letu hapa Munigi alianguka asubuhi akitoka kuteka maji. Upande wa kuume ulipooza na mdomo ukapinda. Alipotoka hospitali tulimpokea kwa nyimbo, tukagawana zamu. Wamama walimwosha na kumlisha bugali na sombe kwa mikono yao. Vijana walimbeba mgongoni mpaka kanisani, wakamrudisha. Akitaka kikombe, mtu aliruka kumpa. Akijaribu kuinuka, tulimwambia, "Mama, tulia, usijisumbue, sisi tuko." Majirani walitusifu sana.

Baada ya miezi mitano goti lake lilikuwa limekauka katika kukunjika. Na ule mguu wa kushoto, ambao ugonjwa haukuugusa, nao ulikuwa umekonda kama mti wa muhogo. Siku moja alikuja kijana aliyejifunza kazi ya mazoezi ya viungo, wale tunaowaita kine. Alimshika mama miguu yote miwili, akatuuliza kwa heshima, "Wazee, huu wa kuume umepoozwa na ugonjwa. Huu wa kushoto umepoozwa na nani?"

Hatukuwa na jibu. Ni sisi, kwa upendo wetu.

Kisha akamgeukia mama, akamwuliza neno ambalo sisi hatukumwuliza hata siku moja: "Mama, wewe unataka kufanya nini?" Mama akajibu mara moja, "Mwanangu, nataka kwenda chooni mimi mwenyewe."

Ninyi mnaokaa hapa mnaelewa uzito wa jibu hilo. Nyiragongo ilipopasuka tarehe 17 Januari 2002, ardhi ilifunguka mpaka karibu na Munigi na moto ukashuka hadi ziwani. Tunajenga juu ya mawe hayo. Kuchimba shimo refu ni shida kubwa, kwa hiyo choo tunakiinua juu na kukipandia kwa ngazi. Choo cha mama kilikuwa na ngazi tatu. Kwako wewe ni kitu kidogo. Kwake yeye, aliyekuwa akibebwa na vijana wa umri wa wajukuu wake mbele ya macho ya watu, ngazi hizo tatu zilikuwa ndizo heshima yake yote.

Tangu siku hiyo tumejifunza kwamba kumbeba mgonjwa ni jambo moja, na kumwinua ni jambo lingine. Kumbeba ni rahisi zaidi, maana humaliza kazi haraka na humpendeza anayebeba. Kumwinua kunataka uvumilivu, kwa sababu lazima usimame kando umwangalie akitetemeka, na mkono wako uwe karibu bila kumshika.

Wengine kati yetu wanasema kwamba mazoezi ni ukosefu wa imani. Ndugu, tusome vizuri. Isaya alikuwa nabii wa kweli, naye aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia. Elisha alikuwa nabii wa kweli, naye alimtuma Naamani kujichovya Yordani mara saba, si mara moja. Naamani alikasirika kwa sababu alitaka jambo kubwa la ghafula. Sisi nasi tuna hasira ya Naamani: tunataka mguu unyoke siku ya mkesha, hatutaki kuunyoosha mara ishirini asubuhi na mara ishirini jioni. Na pale Bethzatha, Bwana alimwuliza kwanza yule mgonjwa wa miaka 38 kama anataka kuwa mzima. Kama Bwana aliuliza, sisi ni nani hata tusiulize?

Wengine wana shaka ya namna nyingine. Wanasema, mwili wa mzee umechoka, mwache apumzike. Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1990 mganga mmoja wa kike, Maria Fiatarone, pamoja na wenzake huko Boston, Marekani, walitangaza habari za wazee 10 waliokaa katika nyumba ya kutunzia wazee. Umri wao ulikuwa kati ya miaka 86 na 96. Waliwapa mazoezi ya kuinua vitu vizito kwa miguu kwa majuma 8. Wazee 9 walimaliza. Nguvu ya miguu yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, ndiyo kusema kama ni mtu aliyeinua kilo 10 mwanzoni, aliweza kuinua kilo 27 mwishoni. Wawili waliacha fimbo zao. Lakini walipokaa majuma 4 bila mazoezi, karibu theluthi moja ya nguvu hiyo ilipotea. Ni kama mana ya jangwani: ya jana haitoshi leo.

Basi mtu atasema: kama ni hivyo, tumwinue kila aliyepooza siku ileile, tena kwa bidii nyingi! Hapo tungoje kidogo. Wachunguzi wakiongozwa na Julie Bernhardt wa Australia walijaribu neno hilo katika hospitali 56 za nchi tano, kwa wagonjwa 2,104 waliopatwa na kiharusi. Nusu walianza kuinuliwa mapema sana, kabla saa 24 hazijapita, na mara nyingi zaidi. Wengine walitunzwa kwa desturi ya kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Baada ya miezi mitatu, katika kundi la desturi ya kawaida, watu 50 kati ya 100 walikuwa na hali njema. Katika kundi la haraka, 46. Bidii iliyozidi kipimo haikusaidia, bali ilidhuru kidogo. Nani angedhani?

Tena wengine watasema: jamaa wa nyumbani wanatosha, tuwaonyeshe kidogo tu nao watafanya. Hilo nalo lilijaribiwa India, kwa wagonjwa 1,250 katika hospitali 14, na habari zake zilitoka mwaka 2017. Jamaa walifundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita, katika makundi yote mawili, 47 kati ya 100 walikuwa wamekufa au walikuwa bado wanategemea wengine. Hakukuwa na tofauti. Ndugu, habari hiyo ilituuma, kwa maana ndivyo tulivyotaka kufanya sisi hapa. Haisemi kwamba jamaa wasisaidie. Inatufundisha kwamba nia njema pamoja na mafundisho kidogo haitoshi, na kwamba tusijidanganye kuwa tumemtibu mtu wakati tumemtembelea tu.

Hapa tunafika kwenye kiini cha maneno yetu. Kwa nini watu hawa wanapima na kuhesabu? Je, upendo unahitaji kuhesabiwa? Sisi tunajibu: ndiyo, unahitaji. Si kwa sababu Mungu hauoni, bali kwa sababu sisi tunajidanganya kwa urahisi. Miezi mitano tulimpenda yule mama, na miezi mitano tulikuwa tukimkausha mguu, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyepima. Anayependa kweli hukubali kuulizwa, "Je, umemsaidia?" Anayependa sifa yake mwenyewe hukasirika akiulizwa. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wayapime mambo yote. Hakusema, yote isipokuwa matendo yenu mema.

Lakini kupima nako kuna haki yake. Mtu maskini au kilema si panya wa kujaribiwa. Anapaswa kuelezwa kwa lugha anayoisikia, akubali au akatae, na akikataa asinyimwe dawa wala sabuni. Kuna mfano mzuri katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania. Huko wachunguzi walikusanya wazee 34 wenye ugonjwa wa kusahau, wakawapa vikao 14 kwa majuma 7: kuzungumza pamoja, kukumbuka mambo, kufanya kazi ndogo za akili. Hawakuwagawa wengine wapate na wengine wakose kabisa. Wote walipata, ila baadhi walianza mapema na baadhi walingoja, na katika kungoja huko ndipo tofauti ilipoonekana. Habari zilipotoka mwaka 2017, zilisema kwamba akili za wazee ziliamka kidogo, na wasiwasi na fujo vilipungua. Hakuna aliyepona. Ugonjwa ule hauna dawa ya kuuondoa. Lakini walipata siku nzuri zaidi, nazo siku ni zawadi.

Tunasema haya kwa uchungu, maana katika nchi yetu kuna wazee wanaosahau majina ya watoto wao, wanaotoka usiku na kupotea njiani, na watu wananong'ona kwamba ni wachawi. Wengine wamefukuzwa nyumbani, wengine wamepigwa. Tunawasihi manabii wetu, kwa heshima yote: kabla ya kutaja roho mbaya juu ya mzee, mwache mganga amwone. Ni neno zito kumhukumu mtu kwa ugonjwa wake.

Na kama mazoezi hayaleti kitu, je? Kama mwaka unapita na mkono haujafunguka? Hapo tumkumbuke Mefiboshethi, kilema wa miguu yote miwili. Daudi hakumponya. Alimrudishia shamba la babu yake na kumketisha mezani pake siku zote. Biblia inamwacha pale mezani, bado ni kilema, na haioni aibu. Kwa hiyo deni letu lina sehemu mbili. Kwanza, tumsaidie mtu apate nguvu yote anayoweza kupata. Pili, mahali pake mezani pasipimwe kwa nguvu hiyo. Anayeshika la kwanza peke yake atamchoka mgonjwa asiyeendelea. Anayeshika la pili peke yake atambeba mpaka mguu ukauke.

Shirika la Afya Ulimwenguni na wenzake walihesabu kwamba mwaka 2019 watu karibu bilioni 2.4, yaani mmoja kati ya watatu, walikuwa na hali ambayo mazoezi ya namna hii yangeweza kuisaidia. Basi hakuna jamaa isiyoguswa. Hapa Goma kuna kituo cha walemavu, Shirika la Umoja, ambacho kwa miaka mingi kimewasaidia watu kupata miguu ya bandia na magongo, pamoja na msaada wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Wengi waliokatwa na vita wamesimama tena kwa kazi ya namna hiyo.

Tunaomba mambo machache. Mgonjwa akitoka hospitali, jamaa waulize waganga kabla ya kuondoka: aanze lini, afanye nini, mara ngapi? Wamama wa zamu wasimlishe anayeweza kujilisha, hata kama sombe itamwagika kwenye kitenge. Vijana watengeneze mti wa kushikia kwenye ngazi za choo za kila mzee wa kanisa. Misumari na ubao havizidi sadaka ya juma moja. Na wote tuulize kwanza, "Mama, unataka kufanya nini?"

Mtauliza habari za yule mama. Kine alikuja mara mbili kwa juma, na siku nyingine tulifanya kama alivyotuonyesha. Ilichukua miezi saba. Goti halikunyoka lote. Mkono wa kuume bado umelala. Kanisani anakuja akishikwa. Lakini ngazi tatu anazipanda yeye mwenyewe, kwa fimbo na kwa ule mti. Hatusemi kwamba mtu mmoja anathibitisha jambo. Tunasema tu tulichokiona.

Jumapili moja aliomba kutoa ushuhuda. Baadhi walinong'ona kwamba ushuhuda ni wa waliopona, na huyu bado anachechemea. Tulimruhusu. Alisimama, akasema, "Wapendwa, sasa naingia chooni na kufunga mlango." Akaketi. Wamama wazee wote wakapiga vigelegele, maana walielewa.

Bwana atupe mikono yenye nguvu ya kubeba, na hekima ya kujua wakati wa kuachia. Amina.

Shemasi wenu, Munigi