Kumwuliza Usiyemjua

Ikiwa mvua imeanguka siku tatu mfululizo katika bonde la Kyela, na mkulima wa Ndandalo amekwisha kuzitoa mbegu zake za kakao katika kasha la kuvundikia na kuzitandaza juu ya kichanja, kisha akaona asubuhi ya nne kuwa zimeota utando mweupe wa ukungu, jambo alifanyalo leo, kabla hajamwita jirani wala hajatuma mtoto kwa bwana shamba, ni kuzipiga picha kwa simu na kuipeleka kwa mamia ya watu ambao hajapata kuwaona, na pengine hatawaona mpaka aingie kaburini, akiwauliza: ndugu zangu, nifanyeje? Hali kadhalika hufanya kijana afugaye njiwa ambao wameanza kupinda shingo, na binti ambaye cherehani yake inaruka mishono, na mwalimu mstaafu aliyejipa kazi ya kufufua redio kuukuu kwa kujifurahisha tu. Wote hao hukabidhi haja zao kwa mtu asiye na uso, asiye na nasaba nao, wala asiyedaiwa nao chochote. Na mtu huyo, aghalabu, huwajibu. Mambo haya yamekuwa ya kila siku hata hatuuoni tena uajabu wake, wala hatujiulizi kama mwenye kuuliza namna hii ana haki yoyote juu ya anayeulizwa, na kama anayejibu hujitwika dhima yoyote mbele ya Mungu na mbele ya wanadamu.

Wenyeji wa Kyela, kwenye pwani hii ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wana sababu ya kulitafakari swali hili kuliko watu wengi. Bibi Monica Wilson, mtafiti wa mila, ambaye pamoja na mumewe Godfrey alikaa miongoni mwa Wanyakyusa wa huku katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 desturi ya vijiji vya rika: ya kuwa wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi waliziacha nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao kando, na wakadumu kukaa pamoja, rika moja, hata baada ya kuoa na kuzaa. Fadhila iliyotukuzwa katika vijiji hivyo iliitwa ukwangala, ndiyo raha ya kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao. Na watu waliamini kuwa akili hupatikana kwa njia hiyo hasa, na kwamba ajitengaye na mazungumzo hujinyima hekima. Katika maisha ya namna ile swali la mbegu au la mpini wa jembe lilipita baina ya marafiki pamoja na kibuyu cha pombe, bila ya mtu kuhisi kuwa ameuliza wala mwingine kuhisi kuwa ameombwa.

Lakini bibi yule yule aliandika pia juu ya upande wa pili wa ujirani, yaani imani ya kuwa manung'uniko ya majirani, yaliyoitwa pumzi ya watu, huweza kumletea maradhi yule aliyewaudhi. Mwenye kuifikiri imani hiyo, aikubali au asiikubali, ataelewa kwa nini mgeni huonekana mwepesi wa kuulizwa kuliko jirani. Jirani akijua kuwa kakao yako imeharibika, hujua pia kuwa ulikwenda msibani Ipinda ukaiacha bila mtu wa kuigeuza, na kuwa ada ya mtoto haijalipwa, na kuwa mwaka jana ulijisifu. Mgeni hajui ila ukungu. Sidhani kuwa ni aibu mtu kutafuta mahali ambapo ujinga wake utakuwa ujinga tu, usio na historia.

Wako wasemao kuwa kuwaendea wasiokujua ni kuombaomba kwa namna mpya. Siafikiani nao. Injili ya Yohana husimulia jinsi Yesu, akiwa amechoka safarini, alivyoketi kando ya kisima cha Yakobo na kumwomba maji mwanamke Msamaria, mtu wa kabila ambalo Wayahudi hawakuchangamana nalo, na mwanamke yule akastaajabu kuombwa kuliko ambavyo angestaajabu kutukanwa. Mazungumzo makubwa yaliyofuata yasingalikuwako lau yule mwenye kiu angaliona haya kuomba. Na katika Kurani sura fupi ya Al-Maun, ambayo watoto wa chuoni huihifadhi mapema, inawalaumu watu ambao husali kisha wakanyima msaada mdogo, na wafasiri, tangu Ibn Masud sahaba wa Mtume, walitaja shoka, chungu na ndoo kuwa katika jumla ya vitu hivyo ambavyo ni uovu kumnyima mwenye haja. Nami nasema kuwa ikiwa kunyima shoka ni lawama, kunyima maarifa ni lawama kubwa zaidi, maana shoka likiazimwa mwenyewe hana la kukatia kuni mpaka jioni, ilhali maarifa ya kuvundika kakao yakiazimwa, mwenyewe hubaki nayo yote kamili. Ibn Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, alizipanga sadaka katika daraja 8, akaiweka karibu na kilele ile ambayo mtoaji hamjui mpokeaji wala mpokeaji hamjui mtoaji, kwa kuwa ndani yake hamna aibu wala majivuno. Na juu yake akaweka daraja moja tu, ya kumwezesha mtu asimame mwenyewe asihitaji tena kuomba. Jibu zuri la mgeni juu ya cherehani hukusanya daraja hizo mbili kwa pamoja, na sijui sadaka ngapi za sarafu ziwezazo kudai hivyo.

Basi kuuliza ni haki. Shida iko kwenye kujibu, na hapo ndipo nionapo kuwa watu wa zama zetu wamelala.

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa, kisha akapatwa na janaba, hali ambayo humpasa mtu kuoga kabla ya kusali. Akawauliza wenzake kama imeruhusiwa kwake kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji, kwa ajili ya jeraha lake, nao, bila ya elimu, wakamwambia haimfai maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alisema kuwa wao ndio waliomwua, na akawalaumu kwa kutokuuliza walipokuwa hawajui, akieleza kuwa tiba ya kutojua ni kuuliza. Watu wengi huitaja sehemu ile ya mwisho, kwa sababu ni tamu kwa wanafunzi, wakaisahau ya kwanza. Marehemu yule aliuliza! Alitimiza wajibu wake wote, akafa kwa majibu ya watu wema waliomtakia ibada yake itimie.

Hakuna afaye kwa kakao, lakini hukumu ni ile ile. Mbegu za kakao zitokapo ndani ya tunda huwa zimevikwa utelezi mweupe mtamu. Zikilundikwa kashani au chini ya majani ya mgomba, chachu za asili huigeuza sukari ya utelezi huo kuwa kileo, na vijidudu vingine hukigeuza kileo kuwa siki, na lundo hupata joto la nyuzi 45 hadi 50, ambalo huua kiini cha mbegu na kuanzisha ile ladha wailipiayo walaji wa chokoleti huko Ulaya. Kazi hii huchukua siku 5 hadi 7, na lundo sharti ligeuzwe. Baada yake huja kukausha, na hapo ndipo dunia hutengana. Mkulima wa Ghana huvumiwa na harmattan, upepo mkavu utokao jangwani, naye akimwambia mwenzake wa Ndandalo kwamba aziache mbegu juani wala asihangaike, anasema kweli tupu ya kwao. Ndandalo haina upepo ule. Ina ziwa upande mmoja na milima ya Livingstone na Rungwe upande mwingine, na mvua inayozidi ya sehemu kubwa ya Tanzania, na asiyezitandaza mbegu zake nyembamba, akazipindua mara kwa mara na kuzifunika mvua ijapo, atavuna ukungu. Mjibuji mwingine, asiyepata hata kulishika tunda la kakao, humshauri azifute zile zilizoharibika na kuzichanganya na nzuri. Mkulima akifanya hivyo na gunia lake likaingia ghala ya chama cha ushirika kungojea mnada, hasara haimwangukii yeye peke yake bali huwaangukia wanachama wote ambao mali yao imechanganyika na yake, na yule mshauri, aliyeandika maneno yake akiwa ndani ya daladala mji mwingine, hatapata habari kamwe.

Namkumbuka hapa Imamu Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, ambaye hupokewa kuwa alijiwa na mtu aliyesafiri miezi kutoka Magharibi akiwa na suala moja alilotumwa na watu wake, naye akamjibu kuwa hajui, na mgeni alipouliza awaambie nini waliomtuma, akaambiwa awaambie kuwa Malik amesema hajui. Alikuwa mwanachuoni mkubwa wa mji wake, na hakuona kuwa cheo chake kimepungua. Leo mtu asiye na cheo cha kupungua hudhani ataaibika akipitisha swali bila ya kulijibu, ingawa hakuna aliyemtaja jina.

Wala tusidhani kuwa jambo lenyewe la kuulizana na usiyemjua limezaliwa na simu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi uwanja wa kuulizana na kujibizana, na mtu wa bandari moja akamjibu wa bara ambaye hata sura yake haijui. Tofauti iko katika muda: shairi lilihitaji vina, na barua ilihitaji posta, na baina ya vina na posta hasira ilipoa na uongo ukapata nafasi ya kuonekana kwa mwenyewe kabla haujaonekana kwa watu.

Mwulizaji naye hana budi kuwa na adabu zake. Mnyakyusa hamwendei mtu na haja kabla ya kumjulia hali, na mtu wa pwani ya bahari hupiga hodi. Picha ya mbegu ikitupwa kwa watu mia bila salamu, bila kutaja ni Ndandalo au ni Kilombero, mvua imenyesha siku ngapi na kakao ilivundikwa kwa muda gani, huko ni kuwafanya watu mashine, na mwenye kufanya hivyo asishangae akijibiwa kama ajibuvyo mtu aliyeshtuliwa usingizini. Wala asimpite mzee wa nyumba ya pili, aliyekausha kakao kabla mwulizaji hajazaliwa, ambaye kuulizwa kwake ni heshima na ambaye hakuna simu iliyompelekea swali. Na faida ya jibu lake haiishii Kyela: wilayani Beni, mashariki ya Kongo, wako wakulima wa kakao wasemao Kiswahili, wenye mvua kama ya Kyela na taabu ya vita ambayo Kyela haina. Jibu la mzee yule likiandikwa na kijana na kupelekwa huko, litafahamika bila mkalimani.

Na nyinyi mliokwisha kusaidiwa, rudini mkawaambie waliowajibu kama mbegu zilikauka au zilitupwa. Wengi hushukuru siku ya jibu, kisha hawaonekani tena, na ushauri mbaya huendelea kutolewa msimu baada ya msimu na mtu ambaye hakuna aliyemwambia kuwa ulimharibia mwenziwe gunia zima.